Kuingia Si Kutosha: Majibu kwa Madai Manane Kuhusu Kupachika Injini Kubwa Kwenye Pikapu

Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L ni pikapu iliyozeekea kazini. Imebeba mahindi, saruji, mitungi ya gesi, ng'ombe na wagonjwa. Injini yake inapochoka, wenye gari wengi hawataki tena kurudishiwa 2L. Wanataka nguvu zaidi mlimani. Hapo ndipo injini ya mtumba kutoka Japani au Dubai inaponunuliwa, mara nyingi 1KZ iliyotolewa kwenye Prado au Hilux Surf, na kwa wenye tamaa kubwa zaidi 1HZ ya Land Cruiser, kisha gari linapelekwa gereji.

Kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Grogan, Nairobi, swali la kwanza ni moja: itaingia? Swali hilo halitoshi. Injini yoyote itaingia kwenye gari lolote ukikata vya kutosha. La kuuliza ni kama ikishaingia itakuwa na nafasi ya kutikisika, kupoa, kupumua na kutengenezwa, huku magurudumu, usukani na breki zikifanya kazi yake bila kuzuiwa. Chuma kilichotulia gereji hakiwezi kujibu swali hilo. Jibu lake hupatikana gari likiwa na mzigo, likipanda mlima, likiwa limechemka.

Yapo madai manane yanayosikika sana kuhusu kazi hii. Mengi yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanaaminika. Nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Angalia cc. Zikikaribiana, injini itaingia bila shida."

Ujazo wa silinda hauelezi umbo la injini. Tuchukue ukoo wa L wenyewe. 2L ina cc 2446, 3L ina cc 2779, na 5L ina cc 2986. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni cc 540, lakini zote ni injini za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, na umbo lao la nje linakaribiana sana. Ujazo uliongezwa ndani. Tundu la silinda lilipanuliwa kutoka milimita 92 hadi 96, kisha 99.5, na mwendo wa pistoni ukarefushwa kutoka milimita 92 hadi 96. Ndiyo sababu kutoa 2L na kuweka 5L ni kazi nyepesi.

Sasa tazama 1KZ-TE. Ina cc 2982, yaani cc 4 pungufu ya 5L. Kwa hesabu ya dai hili, ingekuwa nyepesi kuliko 5L. Lakini inakuja na tabo, manifoldi yake, mabomba mapana ya hewa, sampu ya umbo jingine na maunti zinazokaa pengine. Zile zilizotoka kwenye Surf na Prado za baadaye huwa pia na intakula iliyolala juu ya injini, ikisubiri hewa ya tundu la kwenye boneti. Pikapu yako haina tundu hilo.

1HZ inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Tundu la silinda yake ni milimita 94, dogo kuliko la 5L. Lakini silinda ni sita. Zidisha 94 kwa 6 upate milimita 564. Silinda nne za 2L ni milimita 368. Tofauti ni milimita 196, karibu sentimita 20, na hapo hujahesabu kuta za chuma zilizo kati ya silinda. Urefu huo lazima ule nafasi ya mtu mwingine: ama rejeta mbele, ama ukuta wa kabini nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia injini, beba futi. Pima urefu kutoka uso wa feni hadi uso unaoungana na giaboksi. Pima upana kwenye manifoldi na tabo. Pima kimo kutoka tumbo la sampu hadi sehemu ya juu kabisa. Andika tumbo la sampu liko mbele, katikati au nyuma. Kisha pima vipimo hivyo hivyo ndani ya gari. Aliyekutajia cc pekee amekueleza kiasi cha hewa inayoingia kwenye silinda. Umbo la chuma bado hujalijua.

Dai la 2: "Imekaa, haigusi popote. Nafasi ipo."

Hili ndilo dai linaloharibu kazi nyingi, kwa sababu linaonekana kama ushahidi wa macho. Injini imening'inizwa, imeshushwa, kidole kinapita kati ya sampu na difu, na fundi anaridhika. Lakini vitu vyote viwili ulivyovipima vinatembea.

Kwanza injini. Imekaa juu ya raba, na raba zimewekwa ili isogee. Kila unapokanyaga mafuta, injini hujipindua upande mmoja kwa nguvu inayolingana na ile inayotoka kwenye giaboksi. Tuseme injini inatoa torki ya 300 Nm na gia ya kwanza ina uwiano wa 4 kwa 1. Maunti na chesisi zitapokea 1200 Nm. Ukiingiza 4L, yaani gia nzito za transfa, ili kujinasua matopeni, namba hiyo huzidi mara mbili. Injini ya zamani haikuwahi kujipindua kwa kiasi hicho ndani ya gari hilo. Ongeza kutikisika kwa dizeli inapozimwa, na kusogea mbele unapofunga breki ghafla, ndipo utaelewa kwa nini pengo la kidole kimoja si pengo.

Pili ekseli. Hilux nyingi za 4x4 za miaka ya 80 na 90, kama LN106, zina ekseli nzima ya mbele iliyokaa juu ya springi za bapa. Gari likiingia shimoni, ekseli na difu yake hupanda juu kuelekea sampu. Gurudumu moja likipanda peke yake, ekseli huinama, na difu huja kwa pembe ambayo hukuiona gari likiwa sawasawa. Tatu chesisi yenyewe hupinda kidogo barabara inapokuwa mbaya.

Basi pengo lipimwe hivi. Toa springi za mbele au zilegeze, kisha inua ekseli kwa jeki mpaka iguse raba za kikomo. Pima hapo. Halafu inua upande mmoja peke yake, pima tena, na rudia upande wa pili. Kati ya injini na bodi au chesisi, lenga milimita 25. Kati ya sampu na difu, pengo hilo libaki ekseli ikiwa imepanda mpaka mwisho.

Baada ya hapo bandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi kwenye kila sehemu yenye shaka: juu ya difu, kwenye ukuta wa kabini, chini ya boneti, kando ya shafti ya usukani. Endesha gari likiwa na mzigo kwenye barabara mbovu, kisha fungua utazame. Udongo uliobonyea utakuambia sehemu gani imesogea na kwa kiasi gani. Kipimo hiki hakina gharama, na hakuna sababu ya kukiruka.

Dai la 3: "Inua gari tu, nafasi itapatikana."

Kuinua gari kuna namna tatu, na kila moja hutoa nafasi mahali tofauti. Anayesema "inua" bila kutaja namna hajasema kitu.

Ukiweka spesa kati ya bodi na chesisi, bodi hupanda lakini injini inabaki palepale, kwa kuwa injini imefungwa kwenye chesisi. Utapata nafasi chini ya boneti na sehemu ya juu ya ukuta wa kabini. Kati ya sampu na difu hutapata hata milimita moja. Pamoja na bodi hupanda rejeta, wakati feni imebaki chini, hivyo feni huanza kukwaruza kava lake. Mabomba ya breki, nyaya na shafti ya usukani navyo huvutwa.

Ukiinua kwa springi, gari lililosimama litaonekana lina pengo kubwa kati ya sampu na difu. Lakini raba za kikomo zikibaki zile zile, ekseli itapanda mpaka palepale ilipokuwa ikifika zamani, na itagonga kama ambavyo ingegonga. Springi ndefu zinakuwa na maana hapa pale tu raba za kikomo zinaporefushwa, na hapo unakubali kwamba gurudumu litapanda kidogo kuliko zamani.

Ukiinua injini yenyewe kwa kuweka vipande chini ya maunti, sampu inapanda kweli. Lakini ukiinua mbele peke yake, giaboksi nyuma inainama. Propela shafti hufanya kazi kwa utulivu pale pembe za krosi za ncha zake mbili zinapolingana. Ukivuruga pembe moja, gari litatetemeka kwa mwendo fulani, na krosi zitakufa mapema. Anayeinua injini lazima apime pembe ya giaboksi kabla na baada, na ainue maunti ya nyuma kwa kiasi kinachorudisha pembe ile.

Kuinua ni dawa halali, lakini kila namna ina ugonjwa wake.

Dai la 4: "Kata krosimemba kidogo, injini ishuke."

Hapa ndipo ninapoomba mwenye gari asimame na kusema hapana mpaka aelezwe.

Chesisi ya pikapu ni miti miwili mirefu iliyounganishwa na miamba ya kukatiza, yaani krosimemba. Miamba hiyo ndiyo inayozuia miti miwili isipindane kila gurudumu linapopanda jiwe. Kwenye pikapu zenye sasipensheni huru ya mbele, eneo hilo hilo hubeba mikono ya magurudumu na difu. Ukikata nusu duara ili sampu ikae, umeondoa chuma mahali penye kazi kubwa, na umeacha ukingo mkali ambao ufa utaanzia. Ufa hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana gurudumu linapoanza kuvuta upande, au kishikio kinapong'oka barabarani.

Kuna njia mbili bora, na ya kwanza inaiacha chesisi ilivyo.

Ya kwanza ni kubadilisha sampu. Injini moja mara nyingi ilitumika kwenye magari ya maumbo mbalimbali, na kila gari lilipewa sampu yake. 1KZ-TE ilifungwa kwenye Prado na Surf, na pia kwenye HiAce, ambako injini hukaa chini ya viti. 1HZ ilifungwa kwenye Land Cruiser na pia kwenye basi dogo la Coaster. Tena Toyota yenyewe iliuza Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hilux iliyotoka kiwandani na 1KZ-TE. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, tafuta kama kuna sampu, chujio la kunyonyea oili na vishikio vya injini hiyo hiyo vilivyotengenezwa kwa umbo linalokaribia la gari lako. Ununuzi wa nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, badala ya injini tupu, mara nyingi hulipa kwa sababu vitu hivi vyote huja pamoja.

Ikishindikana, sampu inaweza kukatwa na kuchomelewa upya, lakini kwa masharti. Ujazo wa oili usipungue: ulichopunguza chini kiongezwe pembeni. Chujio la kunyonyea oili libaki karibu na sakafu ya sampu bila kuigusa, na libaki ndani ya oili gari likiwa kwenye mteremko mkali. Bati la kuzuia oili isikimbilie upande mmoja lirudishwe. Sampu ijazwe na kuachwa ili ithibitike haivuji. Mwisho, kijiti cha kupimia oili kiwekewe alama mpya, kwa sababu alama za zamani sasa hazisemi kweli.

Njia ya pili, sampu ikishindikana kabisa, ni kuondoa mwamba mzima na kutengeneza mwingine unaopinda kupita chini ya sampu, wenye nguvu isiyopungua ya ule wa kwanza, na unaofungwa kwa bolti ngumu za daraja la 8.8 au zaidi. Matundu yatobolewe ubavuni mwa mti wa chesisi. Kingo zake za juu na za chini zisiguswe, maana ndizo zinazobeba mkunjo. Mahali chesisi ilipo ya boksi, kila bolti ipitie ndani ya kipande cha bomba, ili kukaza kusibonyeze kuta. Kazi hii ni ya mtu anayejua kuchomelea chuma cha chesisi.

Dai la 5: "Ukuta wa kabini ni bati tu. Nyundo inatosha."

Kuna ukweli hapa. Bati la ukuta linaweza kubonyezwa kidogo ili kupisha ncha ya bolti au pembe ya silinda hedi, na hakuna atakayedhurika, mradi rangi irudishwe na viungo vya bati vizibwe ili moshi na maji visiingie ndani.

Tatizo ni kwamba nyundo haina kikomo. Ukutani hapo kuna busta ya breki na masta silinda, mabomba ya hita, nyaya kuu na pedali. Bati likibonyezwa karibu na busta, uso wake hupinda, na pedali ya breki hupoteza ukakamavu wake. Na ukiisogeza injini nyuma ili kuokoa rejeta, giaboksi na transfa hurudi nayo. Propela ya nyuma itatakiwa kufupishwa na ya mbele kurefushwa, zote zipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha, na tundu la gia lihamishwe. Fundi anayesema nyundo inatosha aulizwe kuhusu propela.

Dai la 6: "Feni haina nafasi? Itoe, weka ya umeme."

Injini ikiwa ndefu, kitu cha kwanza kinachoachiwa ni feni ya klachi inayoendeshwa na injini. Feni ya umeme ni nyembamba, na inaokoa sentimita kadhaa. Kwenye gari dogo la mjini ni uamuzi wa busara. Kwenye pikapu ya dizeli inayobeba tani moja, ufikirie mara mbili.

Fikiria mlima Kitonga kwenye barabara ya Iringa, gari likiwa na mzigo, gia ya pili, mchana. Gari linakwenda polepole, kwa hiyo upepo wa mwendo ni mdogo. Injini inatoa nguvu zake zote, kwa hiyo joto ni kubwa kuliko wakati wowote. Dakika hizo, karibu hewa yote inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni. Feni ya klachi inachota nguvu moja kwa moja kwenye injini. Feni ya umeme inapata nguvu kutoka kwenye alteneta, na nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo hazivuti hewa inayokaribia ile ya feni ya kiwandani.

Kwa 1KZ-TE jambo hili ni la kufa na kupona. Hedi yake ni ya alumini, na inajulikana mno kwa kupasuka ikichemka. Mtu aliyeokoa sentimita tano mbele ya injini anaweza kulipia hedi mpya kabla mwaka haujaisha.

Anza kwa kusogeza rejeta. Mara nyingi inaweza kupelekwa mbele ya mwamba wake wa awali, au kushushwa, au kubadilishwa na nyingine pana iliyo nyembamba. Pili, angalia pampu ya maji na feni zilizotumika kwenye gari jingine lenye injini hiyo hiyo, kwani urefu wake unaweza kutofautiana. Tatu, kava la feni lisiachwe kamwe. Feni isiyo na kava huzungusha hewa ile ile ya moto. Ncha za mapanga ziingie takriban nusu ndani ya kava, na pengo lizunguke sawa pande zote. Kati ya feni na rejeta libaki angalau milimita 25, kwa sababu injini husogea mbele unapofunga breki.

Ikibidi feni ya umeme, ichaguliwe kwa kiasi cha hewa inayovuta. Upana wa panga hauonyeshi hilo. Alteneta ipimwe kama inaweza kuibeba pamoja na taa, na gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo kabla ya kukabidhiwa.

Dai la 7: "Kama haigusi, haiungui."

Nafasi haimaanishi umbali wa chuma peke yake. Kuna nafasi ya joto, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi injini yenye tabo inapoingia mahali palipokuwa na injini isiyo na tabo.

Moshi unaotoka kwenye dizeli inayopanda mlima na mzigo unaweza kuzidi nyuzi 600 za Selsiasi. Manifoldi na nyumba ya tabo hupokea joto hilo na kulirusha pande zote. Sasa angalia kilicho jirani. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huhitajika kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Bomba la breki lililopita sentimita tatu kutoka kwenye tabo haligusani na chochote. Lakini mafuta yaliyomo yakichemka, mvuke hujaa ndani, na pedali inazama sakafuni mteremko unapoanza. Mpira wa dizeli ukikauka kwa joto, utapasuka na kumwaga mafuta juu ya chuma cha moto. Nyaya zikiyeyuka, moto unaanza.

Bati la kukinga joto lisimamishwe kati, likiwa na hewa upande huu na ule, maana bati lililobandikwa moja kwa moja hupitisha joto. Mabomba ya breki na ya dizeli yahamishiwe upande wa pili kila inapowezekana. Intakula ya juu ikikosa tundu kwenye boneti, ni afadhali ihamishiwe mbele ya rejeta kuliko kuachwa ikipikwa na injini yenyewe. Na tundu la boneti, likikatwa, mbavu za chini ya boneti zirudishiwe nguvu.

Shafti ya usukani inastahili kutajwa peke yake. Inapokaribia manifoldi, wengine huipasha moto na kuikunja, au huikata na kuiunga kwa kuchomelea pembeni mwa gereji. Nasema bila kusita: hilo lisifanywe. Chuma kilichopashwa hupoteza uimara wake, na mshono wa haraka unaweza kuachia dereva akikata kona. Kihamishwe kilichosababisha tatizo: manifoldi au bomba la ekzosi. Ikibidi kuhamisha shafti, zitumike krosi za usukani zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kila moja isikunjwe zaidi ya takriban nyuzi 30, na shafti yenye krosi tatu iwe na beringi ya kuishikilia katikati. Kisha usukani uzungushwe kutoka kikomo hadi kikomo injini ikiwa inanguruma na breki zimefungwa, huku mtu mwingine akitazama.

Dai la 8: "Ikiwaka, kazi imekwisha."

Ikiwaka, kazi imefika nusu. Injini ya silinda sita imeongeza uzito mbele ya gari, kwa hiyo springi za mbele zinahitaji kupimwa upya. Gari lenye nguvu zaidi linafika kasi ambayo breki zake za zamani hazikuwahi kukutana nayo. Na nafasi uliyotafuta kwa taabu iwe pia nafasi ya matengenezo. Kama oili filta, stata au mkanda wa alteneta haviwezi kufikiwa bila kushusha injini, gari hilo halitatunzwa, na lisipotunzwa litakufa barabarani.

Kuna pia karatasi. Namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa kwenye kumbukumbu za usajili wa gari. Badiliko lipelekwe TRA kwa Tanzania, au NTSA kwa Kenya, na kampuni ya bima ijulishwe. Gari likipata ajali na injini iliyomo siyo iliyoandikwa, mwenye gari ndiye atakayebeba mzigo.

Mpangilio wa kazi unaotakiwa

Madai yote manane yana kosa moja: yanaanza na kukata, kisha yanatafuta kipimo cha kuhalalisha kilichokatwa. Ubadilishwe mpangilio. Kwanza vipimo kwenye karatasi, injini ikiwa bado dukani. Pili injini iliyoshushwa kwa majaribio, pamoja na giaboksi, feni, ekzosi na usukani, maunti zikiwa zimeshikizwa kwa muda tu. Tatu ekseli kupandishwa mpaka mwisho wake na pembe za propela kusomwa. Nne kuhamisha vitu vinavyohamishika: sampu, rejeta, mabomba, manifoldi. Tano, ikiwa bado haijatosha, ndipo chuma cha gari kiguswe, kwa mchoro na kwa nguvu ya kurudisha kilichoondolewa. Maunti zichomelewe kabisa baada ya hayo yote, na udongo wa mfinyanzi utoe hukumu ya mwisho barabarani.

Mafundi wetu wanao uwezo wa kazi hii. Wamefufua magari ambayo yangetupwa kwingineko. Kinachowakosesha mara nyingi ni mteja anayetaka gari kesho na asiyetaka kulipia siku ya kupima. Kwa hiyo mwenye gari naye ana wajibu. Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize fundi maswali matatu: sampu na difu zitaachana kwa milimita ngapi ekseli ikipanda mpaka mwisho? Pembe ya giaboksi ni ngapi sasa, na itakuwa ngapi baadaye? Bomba la breki litapita wapi kutoka kwenye tabo? Asipokuwa na majibu leo, mpe muda akapime, na ulipie muda huo kwa moyo mweupe. Akikuambia kupima si lazima, chukua gari lako umpelekee fundi mwingine.